Kompyuta Zizini kwa Mzee Magige

Hapana, jamani, nikasema hapana! Kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya wazee, mbele ya wanawake waliokuja kusaga mahindi, bisibisi iko mkononi, nikamwambia kaka yangu Florian atoe mkono wake kwenye kompyuta yangu kabla sijausokota.

Ngoja. Nimeanzia katikati. Nikifurahi huwa naongeaga hivyo, na nikikasirika vilevile, na Jumamosi nilikuwa vyote viwili.

Kama jana hukulipata gazeti, nikukimbizie haraka. Mimi ni Wankyo, binti wa Mzee Magige wa Butiama. Nimesoma chuo cha kompyuta Mwanza, cheti ninacho. Nilikuwa nachapa barua za watu kwenye duka moja Musoma mjini, mpaka mwenye duka akaona shemeji yake anaweza kubonyeza herufi kwa mshahara mdogo kuliko wangu. Huyo shemeji anabonyezaga kwa kidole kimoja, kama anapima papai limeiva au bado. Sawa. Nikatoka na kichwa juu.

Nakaa Buhare, hapo nje ya Musoma, kwa shangazi Gati, dada mkubwa wa baba. Shangazi haongeagi sana. Anaweza kumaliza ugali wote wa jioni hajasema kitu, halafu wakati wa kuosha vyombo akasema neno moja ukakosa usingizi.

Nikapata kona Musoma mjini kwenye baraza ya fundi cherehani, meza nyembamba, umeme upo. Nikasema hapa nitachapa barua, risala, mialiko ya harusi, kila kitu, na bosi nitakuwa mimi. Kilichokosekana ni kompyuta yenyewe.

Ndipo anapoingia Renatus wa Guta. Anatengeneza redio Bunda mjini, na ndiye anayetaka kunioa, na mimi namtaka pia, siwezi kuficha. Mahari ilishapangwa. Halafu ugonjwa wa mifugo ukapita Guta, zizi la kwao likabaki nusu. Mama akalia. Wajomba zake Renatus wakalia. Mimi nikapata wazo.

Nikasema wale ng'ombe wawili waliopungua, badala yake iletwe kompyuta.

Baba akakubali. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikafungwa na yeye akarudishwa nyumbani na wenzake wote, na tangu hapo kitu chochote chenye waya kinamlainisha. Gazeti la jana liliishia hapo, baba ametikisa kichwa kusema ndiyo, na mimi naruka kama ndama.

Sasa sikia kilichofuata.

Jumamosi asubuhi kundi likatokea. Mbele ng'ombe, nyuma yao wajomba wa Guta wamejaa vumbi, mmoja amebeba monita ya kuazima kichwani kama mtungi wa maji. Nyuma kabisa Renatus na baiskeli. Kwenye kerieri amefunga kigodoro cha mtoto kwa mipira, na ndani ya kigodoro ndiyo yenyewe.

Huku kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwa macho ya mbali. Wanakaguliwa. Wanafunguliwa mdomo, wanaminywa nundu, wanatembezwa. Ng'ombe mwembamba anarudishwa mchana kweupe, na aliyemleta anarudi naye njia ile ile aliyokuja nayo, watu wote wametoka nje kumtazama.

Mkaguzi wetu ni Mzee Silasi, rafiki wa baba. Ng'ombe akimuona Mzee Silasi anajikaza mwenyewe.

Akamaliza wale wenye miguu bila maneno mengi. Halafu akanyoosha fimbo kwenye baiskeli, akauliza huyu aliyelala kwenye godoro anaumwa nini.

Renatus akafungua mipira.

Jamani, ilikuwa nzuri. Nyeusi, nadhifu, ndogo kama nusu debe. Unaibeba kwapani. Zile za maofisini zinasimama kama kabati la vyombo, zinakula meza, na miguu yako chini haina pa kwenda. Hii mimi jioni naifunga kwenye kanga naondoka nayo, mwizi abaki na meza ya fundi cherehani. Nilimwagiza Renatus mwenyewe, nataka ndogo, na akahangaika mpaka akaipata Mwanza.

Mzee Silasi aliiona kwa jicho jingine. Akaizunguka. Akaigonga kwa kidole. Akaiinua kwa mkono mmoja, na uso ukambadilika.

"Mura," akamwambia Renatus, kwetu ndiyo kijana, "mlisema hii ni ng'ombe wawili. Hata mbuzi anaizidi."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema aliwahi kuiona kompyuta ya serikali kule Musoma, ilikuwa kubwa, inaunguruma, ina heshima. Hii labda ni mtoto wake.

Florian hakucheka. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Mzee Silasi akataka kuona ndani. Hanunui kitu kwa ngozi yake, akasema. Renatus akatoa bisibisi, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na bodi ya kijani, feni moja, pawa saplai kwenye kona, nyaya zimefungwa vizuri. Na nafasi. Nafasi nyingi kweli.

Mzee akaingiza mkono, akapapasa, akautoa.

"Huyu hana maini," akasema. "Hana moyo. Nani amewatangulia kumchinja?"

Mtu mwingine angepiga kona. Renatus wangu ana ugonjwa wa kusema ukweli. Akawaeleza kwa adabu kwamba hizi zinatoka kiwandani hivyo hivyo, wenyewe wanaziita beaboni. Unapewa kasha lenye tundu la flopi, bodi, feni na pawa saplai. Prosesa, ambayo ndiyo akili yake, unaitafuta mwenyewe. Memori unaitafuta mwenyewe. Diski nayo hivyo hivyo. Ndiyo maana bei inakuwa nafuu, unaanza na ulichonacho, unaijaza taratibu.

Hakuna aliyecheka tena. Wajomba wa Guta wakaanza kutazama ndala zao.

Mzee Silasi akamgeukia baba, akamwambia kwamba wakwe zake wamemletea tumbo tupu, na yeye kama mkaguzi hawezi kulipitisha. Kama wana ng'ombe wa kweli wawalete. Kama hawana, posa irudi Guta na binti abaki kwao.

Mimi nilikuwa jikoni na mama, tunakoroga kichuri, ile supu chungu ya utumbo. Binti anayeolewa hatokeagi kwenye ukaguzi. Nikatokea, na mwiko mkononi. Mama alinishika sketi, sketi ikamponyoka.

"Shikamoo Mzee Silasi. Ukinunua mtamba, siku hiyo hiyo unachuchumaa na kibuyu unamkamua?"

Hata ng'ombe waliacha kucheua, au niliona hivyo mimi.

"Marahaba," akasema. "Hapana."

"Unasubiri nini?"

"Apandwe. Ashike mimba. Azae."

"Na akiwa bado hajazaa, unamuita tumbo tupu?"

Nikaendelea, maana nikianza sijui kusimama. Nikamwambia huyu ndiyo mtamba wenyewe. Umbo dogo, hali majani mengi, hachagui malisho, mgao wa umeme ukipita anaamka palepale. Mgongo umenyooka. Hajapandwa tu.

Mzee Silasi akaanza kucheka kwa tumbo, kidogo kidogo, mpaka fimbo ikatikisika.

"Magige," akasema, "huyu binti yako ungempeleka mnadani, wanyang'anyi wa bei wangelia."

Akakubali. Ni mtamba. Lakini mtamba lazima atembee mkaguzi amuone. Twende kwenye mashine ya kusaga pale barabarani, kuna umeme, aonyeshwe anavyotembea leo leo. Asipotembea, maneno yake ya kwanza yanabaki palepale, posa inarudi.

Wajomba wakapauka. Atembeeje na hana moyo?

Mimi nilitaka kucheza ngoma. Kwa sababu kwenye mkoba wangu, ndani ya soksi safi, prosesa nilikuwa nayo. Na memori nilikuwa nayo. Nilivinunua Mwanza kimoja kimoja wakati bado nachapa barua za watu, kabla hata sijamjua Renatus, mwingine anavyonunua vikombe vya harusi. Prosesa ni kipande kama biskuti, chini kina vijiti kama meno ya kitana. Memori ni kipande chembamba, urefu wa kidole. Mtu anaweza kuidharau. Lakini kompyuta bila memori haiwaki kabisa, inalia tu, pii, pii, pii, kama ndama aliyenyimwa titi.

Shangazi Gati alikuwa amekaa pembeni muda wote huo. Akasimama, akafunga kanga vizuri, akatufuata.

Pale mashineni mwenye mashine akazima mota. Wanawake waliokuwa wanangoja kusaga wakalalamika, halafu walipoona wazee wanakuja na kompyuta wakanyamaza, wakakaa juu ya magunia yao kabisa. Nani angeondoka?

Nikaweka kompyuta juu ya mizani ya kupimia mahindi. Renatus akaunganisha monita na kibodi. Nikachukua bisibisi ya Renatus, nikaivua prosesa soksi.

Ndipo Florian akasogea, akaweka mkono juu ya kasha, taratibu, kama mtu anapapasa shingo ya ng'ombe wake.

"Dada, angalia usikwaruze," akasema. "Jumatatu naipeleka Majita."

"Unapeleka nini Majita?"

"Hii."

Nikadhani anatania. Florian ni mtani. Lakini alikuwa anamtazama baba, na baba alikuwa anatazama unga ulioganda ukutani.

Ikabidi nielezwe mbele za watu kama mgeni. Florian anataka kumuoa Esta, binti wa Mzee Kasmiri wa Majita, yule mnunuzi wa sangara. Mzee Kasmiri amesikia habari ya kompyuta, maana mdomo wa Florian hauna kifuniko. Ana kijana wake, Bernado, anayetaka kufungua ofisi ya samaki pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha. Basi Mzee Kasmiri amesema, ng'ombe wachache wanatosha, mradi ile kompyuta iwepo. Na Florian ameshajibu ndiyo.

Nakiri hapa, wasomaji wangu, na nakiri kwa sauti kubwa. Nimesoma, nina cheti, nimezaliwa mita chache kutoka zizini, na nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa Butiama anakijua. Mahari ya msichana sio ya msichana. Ng'ombe zake ndizo zinamuolea kaka yake. Ndivyo ilivyokuwaga kwa bibi, ndivyo ilivyokuwaga kwa shangazi Gati, ambaye ng'ombe zake ndizo zilimuoa mama yangu.

Mimi nilidhani kwa kuwa ina kibodi imetoka kwenye hesabu ya ng'ombe. Kumbe niliyeiingiza kwenye hesabu ni mimi mwenyewe. Tena dakika chache kabla nimesimama na mwiko nikaiita mtamba, wazee wote mashahidi.

Lakini sijutii, na siku hiyo sikujuta. Hapo ndipo niliposema hapana, kama nilivyowaambia mwanzoni, na habari ya kuusokota mkono.

Florian akautoa mkono. Bisibisi ilisaidia.

Baba akaniambia kwa upole kwamba nisimfedheheshe. Ng'ombe ni za Florian, akasema, na mimi nikifika kwa mume wangu nitapata vyangu.

"Baba, kwa mume wangu kuna nusu ya zizi na redio mbovu za watu," nikasema. "Vyangu ni hivi."

Renatus akakohoa. Samahani mpenzi, lakini ni kweli.

Nikaona mlango mmoja, nikapita. Nikawaambia wazee sawa, kasha ni la Florian, achukue. Lakini prosesa na memori nimenunua kwa jasho langu, hazikutoka Guta, hazimo kwenye mahari. Nitaziweka, itatembea, mkaguzi ataridhika, halafu nazitoa naondoka nazo. Anayetaka ngozi abaki na ngozi.

Wanawake wa kwenye magunia wakasema eeh. Mmoja akapiga makofi.

Mzee Silasi akajikuna kidevu. Sio mtu mbaya, mjue. Ni mtu wa sheria za zizi, na sheria za zizi hazimjui mtu.

"Binti," akasema, "umesema mwenyewe huyu ni mtamba. Fahali wa jirani akiruka boma bila mtu kukusudia, akampanda mtamba wangu, ndama ni wa nani?"

Nani asiyejua? Wale wale wanawake wa magunia, yule yule wa makofi, wakajibu kwa pamoja kwamba ni wa mwenye jike. Mwenye fahali hadai kitu, hata akilia.

"Basi," akasema Mzee Silasi. "Ukishaingiza, umeshampandisha. Kilichomo ndani ni cha mwenye mtamba."

Florian akatabasamu. Natamani mngeliona lile tabasamu. Pana, limetulia, la mtu ambaye Esta amefika tayari.

Kwa hiyo nikasimama pale, biskuti yangu hewani. Nikiiweka, Florian anachukua kila kitu, kasha na roho yake, na ile meza ya Musoma inabaki meza. Nisipoiweka, mtamba hatembei, posa inarudi, na Renatus anarudi Guta bila mimi.

Renatus akasogea karibu, akaongea chini chini, mimi tu nisikie.

"Usiweke," akasema. "Vya kwako usitoe. Ng'ombe nitatafuta, hata ikiwa mwaka hata ikiwa miwili. Utaningoja?"

Nikampenda upya pale pale kwenye vumbi la pumba. Halafu nikakasirika, kwa sababu kwa nini ningoje? Kwa nini kila kitu cha msichana kinangoja?

Nikafunga mkono. Nikafungua mdomo niseme posa irudi kama inarudi, mimi na Renatus tutajua njia ya kupita.

"Silasi," ikasikika sauti nyuma.

Shangazi Gati alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba, miguu ameinyoosha mbele. Aliongea bila kuinua sauti, na kila mtu akageuka, maana shangazi ukimsikia mchana ujue ni jambo.

Akamuomba Mzee Silasi arudie ile sheria, kwamba kinachozaliwa ni cha nani. Mzee akarudia kwamba ni cha mwenye jike.

"Magige," akamuuliza baba, "mke wako alikuja hapa kwa ng'ombe za nani?"

"Zako, dada."

"Mimi niliolewa wapi?"

"Ikizu, dada."

"Nikalia au sikulia?"

Baba akarudi kutazama ule unga ukutani.

"Ng'ombe zangu zilipoingia zizini hakuna aliyeniuliza kama nina haja ya cherehani," akasema shangazi. "Zilimleta mke wako. Mke wako amezaa Florian na amezaa Wankyo. Kwa hesabu ya Silasi, hawa ni ndama zangu wote wawili."

Mama alikuwa amefika na masufuria yake, akasimama mlangoni. Nikaona midomo inamcheza, kicheko kinatafuta pa kutokea.

Florian akasema, shangazi, hayo ni mambo ya zamani.

"Na hili lako la Majita ni la lini?" akauliza shangazi. "La juzi? Limeletwa na kompyuta? Ukichukua ya zamani, mura, chukua yote."

Mzee mmoja akasema neno hilo lina uzito. Mwingine akasema halina. Wakaingia kwenye ubishi mrefu, hatukuitwa sisi. Wakafufua ng'ombe waliokufa kabla baba hajazaliwa. Wakakumbuka kweli, iko hivyo, shangazi ambaye ng'ombe zake zilimuoa mke wa nyumba ana kauli kwenye nyumba ile, chakula chake hakipimwi na neno lake halirukwi. Mzee Silasi alisikiliza, akachora mistari kwenye unga wa sakafuni kwa fimbo, akaifuta kwa mguu.

Mwisho akasema ukweli ni kwamba amenaswa kwenye kamba aliyoisokota mwenyewe. Cha Florian kipo mikononi mwa Gati, kama Gati anakitaka.

"Nakitaka," akasema shangazi. Halafu akanigeukia mimi. "Mpandishe mtamba wako, atembee. Nataka kuona."

Sikungoja kuambiwa tena. Prosesa ikaingia, vijiti vyake vikapata matundu yake, nikabana kile kifeni chake juu. Memori ikakaa, vishikizo viwili, taki, taki. Nikaweka flopi yangu ya chuoni, ile diski bapa ya kuiwashia kompyuta isiyo na diski ndani. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Mara pii moja, fupi, ile ya afya. Kioo kikawa cheusi, halafu namba zikaanza kupanda zenyewe, haraka, na kile kidude chote hakikutoa kelele kumzidi nyuki. Wanawake wakasema Yesu na Maria. Baba alikuwa ameinama, mikono mgongoni, pua karibu na bodi, uso wa mtu aliyerudishwa kazini.

Mzee Silasi akataka iandike jina lake. Nikabonyeza herufi, SILASI, zikatokea nyeupe. Akazisoma moja moja kwa kidole. Nikabonyeza kile kitufe cha kuingiza, na yenyewe ikajibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haiijui.

"Inasemaje?"

"Inasema haikujui, mzee."

"Mwambie tutajuana," akasema. Akapiga fimbo chini. Mtamba ametembea. Mahari imetimia.

Wajomba wa Guta wakakumbatiana. Mama akapiga kigelegele, masufuria yakagongana. Renatus alinishika mkono mbele ya baba yangu na hakuna aliyesema kitu. Nimeshaolewa, jamani, imebaki kanisa tu!

Florian alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Nilitaka kumhurumia, nikashindwa, labda wiki ijayo.

Nikazima, nikachomoa nyaya, nikafunga kasha mwenyewe kwa bisibisi ya Renatus, skrubu kwa skrubu, nimewapa mgongo. Renatus alikuwa amesimama pembeni yangu. Kuna kitu alikiona, akatazama juu kwenye bati.

Halafu nikanyoosha mikono niichukue kompyuta yangu.

Shangazi Gati alikuwa ameshaichukua. Akavua kanga ya juu, akaiweka kompyuta mgongoni, akaifunga kama mtoto, fundo kifuani. Akawaaga wazee kwa adabu. Akaanza kutembea kuelekea njia ya Musoma, kasha jeusi linachungulia begani kwake, na mimi nyuma na mkoba wangu, namkimbilia.

"Shangazi, asante," nikasema.

Akatembea.

"Shangazi. Kwa hiyo sasa ni ya kwangu?"

Akatembea.

"Au ni ya kwako?"

Akasimama, akaweka fundo la kanga sawa. Akaniambia kwamba yeye alingoja miaka mingi mtu amuulize anataka nini, na leo ndiyo ameulizwa kwa mara ya kwanza, ingawa ilibidi ajiulize mwenyewe. Kwa hiyo anataka kwanza afike nyumbani, aiweke mezani, akae nayo aitazame.

"Kesho," akasema. "Kesho nitakwambia."

Basi na mimi nawaambieni hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyoambiwa. Ni usiku mmoja tu kwa shangazi Gati wa Buhare, kesho atasema, na akisema tu nitakuja mbio kuwaambia.

Sina wasiwasi hata kidogo. Pale mashineni nilipokuwa nafunga skrubu, vishikizo viwili, taki, taki, memori niliichomoa. Ninayo hapa, ndani ya sidiria, imeshapata joto langu. Shangazi na aiweke mezani, na aichomeke kwenye umeme wa Buhare. Bila mimi, italia tu.